Pumzi Tatu kwa Namba Nne

Nilistaafu Jumatatu iliyopita, nikiwa na umri wa miaka kumi na saba, baada ya kuitumikia rejista ya darasa letu kwa miaka mitatu na nusu. Wazee wanapostaafu, Kampuni ya migodi inawapa baiskeli au saa ya mkononi. Mimi nilipewa jembe na kuonyeshwa majani nyuma ya vyoo. Kwa hiyo naandika haya nikiwa na malengelenge viganjani, kwa ajili yenu wadogo mtakaoshika kalamu ile baada yangu, na hasa kwa Mujinga (huku ni jina, siyo tusi), ambaye ameishika tangu Jumanne.

Kuhusu kupandishwa cheo sina la kusema. Kazi ya kuita majina haina ngazi. Kuhusu mshahara nitanyamaza, kama ulivyonyamaza wenyewe.

Kazi inaanza baada ya kile kipande cha reli kinachoning'inia barazani kugongwa kwa bolti. Tunajipanga, tunapandisha bendera, tunaimba na kucheza nyimbo za Chama, ambazo sitazieleza kwa sababu kila mtu anazijua na kuta zina masikio. Halafu tunaingia darasani tukiwa bado tunahema, na mwita-majina anasimama mbele na kufungua rejista. Anaita majina arobaini na sita kwa kufuata alfabeti. Anayeitika "prezanti" anawekewa kijistari, asiyeitika anawekewa zero. Mwalimu anatia sahihi chini bila kusoma. Mwisho wa mwezi, Mzee Sekretere, yule wa miwani iliyofungwa kwa waya, ananukuu zero za watoto wa wafanyakazi kwenye karatasi moja na kuituma kwenye biro ya jamii ya Kampuni, ofisi inayohudumia familia za wafanyakazi. Kampuni inataka kujua kwamba mtoto ambaye inamlisha na kumtibu anasoma kweli, hazururi sokoni Kikula, mtaani kwetu. Ishikeni karatasi hiyo akilini, tutairudia.

Vifaa ni vichache, vitunzeni. Rejista ina jalada la kijani na pembe moja imeliwa na panya. Panya huyo alikula siku kumi na mbili za mwezi wa kumi, hivyo hakuna anayejua nani alikuwepo siku hizo, na dunia haikuanguka. Kalamu ya risasi imefungwa kwa uzi ili isiende nyumbani na mtu. Kifutio hakipo. Mkiona kifutio ndani ya rejista, jueni kuna mtu anataka kuwaharibia kazi.

Nilifundishwa na Dada Monga, msichana wa mwaka wa mwisho, mrefu, mwenye kutembea kama amebeba ndoo kichwani hata asipobeba. Yeye alikuwa anasimamia rejista zote za madarasa ya chini. Mimi nilikuwa mgeni, wiki ya tatu tangu nitoke Kitwe, upande wa Zambia, kuja hapa Likasi. Kifaransa sikuwa nacho, na Kiswahili changu kilitosha kununua nyanya tu. Rafiki, hakuna. Mtu asiye na rafiki anatafuta angalau wa kumchekesha, basi nikaanza kumwigiza Sista Mkuu kwenye bomba la maji, jinsi anavyokohoa mara mbili kabla ya kukasirika. Wasichana walicheka, halafu wakanyamaza kwa pamoja. Nikageuka. Dada Monga alikuwa nyuma yangu.

"Rudilia," akasema.

Nikarudilia, kikohozi kikitoka chembamba kwa woga.

"Sauti iko. Adabu itakuya nyuma. Unaitwa nani?"

"Ruth Bwalya."

"Ruth acha kule kwenu, hapa majina ya Bazungu balisha kuyakataza. Bwalya, kesho asubui njo weye utaita darasa yenu."

Nilijua baadaye kwamba "njo" ya huku ni "ndiyo"; siku ile nilidhani ni adhabu. Alinipa majina arobaini na sita, mimi ambaye sikulijua hata moja. Asubuhi ya kwanza niliyasoma kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nikiteleza kila la tatu, na darasa likacheka mpaka Mwalimu akagonga meza. Lakini walikuwa wananiitikia. Wiki tatu sikuwa nimesemeshwa na mtu, na sasa watu arobaini na tano walikuwa wananijibu kila siku kabla ya saa mbili. Sikuiacha tena kazi ile.

Kanuni za Dada Monga zilikuwa tatu. Ya kwanza: "Ukiita muntu, pumua mara tatu mbele ya kutia zero. Moja ni ya kiziwi, mbili ni ya mwenye usingizi, tatu ni ya ule anafikaka na mbio ku mulango." Ya pili: usifute kitu. "Ile uliandika, uliandika." Ya tatu alinieleza kwa sauti ndogo, akiwa ameinama anafunga kiatu: mwanafunzi akifa, unaendelea kumwita mpaka mwezi uishe, na darasa linapumua zile pumzi tatu pamoja. Ndipo Mzee Sekretere anakuja na wino mwekundu na kumpigia mstari. Kwa rula, siyo kwa mkono mtupu. Mtu si hesabu iliyokosewa.

Mimi niliongeza ya kwangu. Nilikuwa namba nne, na kwa kuwa mwita-majina hana wa kumwita, nilijiita mwenyewe. "Bwalya?" kwa sauti ya Sista Mkuu, na kikohozi. Halafu, "Prezanti, ma sœur," kwa sauti ya panya aliyekamatwa. Walicheka miaka mitatu kwa mchezo uleule. Watu wa Likasi ni wavumilivu.

Dada Monga alimaliza, akaenda Mulungwishi kusomea ualimu. Alisema ataandika. Posta nayo ina shughuli nyingi.

Sasa lazima nieleze nyumbani, ingawa si mambo ya kazi, kwa sababu ndiko kazi ilikoharibikia. Bwalya lilikuwa jina la baba yangu. Alifanya kazi chini ya ardhi kule Kitwe, na kifua kilimwondoa nikiwa na miaka tisa. Baba Kalenga alikuwa mwenzake wa zamu, mtu wa Likasi aliyevuka mpaka ujanani kutafuta kazi. Alimwoa mama. Kampuni ya huku ilipomchukua kwenye kiwanda cha asidi, tulivuka mpakani Kasumbalesa na magodoro mawili na kinu, tukafikia Kikula kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe, yenye mlango mmoja wa kijani na mmoja wa bluu. Ni mtu mkubwa wa mwili, anayeongea kidogo, na buti zake zimetobolewa na asidi kama kichungi cha chai. Ada yangu alilipa mwenyewe miaka yote hiyo, kwa sababu kwa Kampuni sikuwa mtoto wake. Nilikuwa msichana fulani mwenye cheti cha Kiingereza ambacho hakuna karani aliyejisumbua kukisoma.

Baada ya Krismasi iliyopita, Kampuni ikatangaza kwamba itaandika upya watoto wa wafanyakazi wote. Asiyekuwa kwenye orodha: hospitali hapana, posho hapana, shule shauri yake. Baba Kalenga akavaa abakosi yake, lile koti letu la kitaifa lisilo na tai, akatupeleka mimi na mama kwenye biro ya komuni, ofisi ya serikali ya mtaa. Karani akasema mambo ni mepesi: mtoto atajwe kuwa wa sitwayeni, yaani raia, Kalenga na apewe jina la huku.

"Jina ya nani?" karani akauliza.

"Numbi. Ya mama yangu," Baba Kalenga akajibu, bila kufikiri hata kidogo. Nadhani alikuwa amefikiri miaka minne.

Kwao, jina la mtu aliyekufa halitolewi kama shati la mtumba. Ukipewa, wewe ni yeye. Tuliporudi nyumbani alinipaka pemba, ule udongo mweupe, kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo mwanamume yule akaniita Mama. Akitoka kazini ananisalimu mimi kwanza, kofia mkononi. Hawezi kunigombeza, maana nani anagombeza mama yake? Mnanijua, cheo kile nilikitumia vibaya. Nilimwambia nywele zake zinatisha, akanyoa. Nilimwambia anaimba vibaya kanisani, akanyamaza Jumapili mbili, mpaka mama yangu mzazi akaingilia.

Nilicheka sana wiki ile. Jumatatu nikapeleka karatasi shuleni.

Hapa nirudi nyuma kidogo, kwa Feza. Feza alikuwa namba kumi na mbili, msichana wa meno ya mbele yaliyopishana, aliyekuwa anaitika kabla sijamaliza kumwita. Homa ilimchukua mwezi wa kumi na moja, mvua zilipoanza. Nilimwita siku kumi na saba baada ya kuzikwa. Ni kesi ngumu kuliko zote katika kazi hii, na ushauri wangu ni mmoja: msishushe sauti. Mwiteni kama mlivyomwita siku zote. Mwezi ulipoisha, Mzee Sekretere akaja na wino mwekundu, na darasa zima likalia, mpaka wale aliokuwa anawaibia madaftari.

Basi Jumatatu ile Mzee Sekretere akasoma karatasi yangu ya komuni, akachukua rula na wino uleule. "Shika hapa, isiteleze," akasema, kwa sababu meza yake inacheza. Nikashika. Akapiga mstari juu ya namba nne. Ulitoka vizuri, umenyooka. Alfabeti ilikuwa imeshajaa, kwa hiyo Numbi akaandikwa chini kabisa, namba arobaini na saba, baada ya Yumba, nje ya foleni kama mtu aliyekuja na barua ya kuombewa.

"Pole na hongera," akasema Mzee, akapuliza wino ukauke.

Kesho yake nikasimama mbele. Namba tatu, nikaruka, namba tano. Hakuna aliyecheka, kwa sababu mchezo wao haukuwepo. Nikafika chini. Nikaita, "Numbi." Nikapumua mara tatu, kama nilivyofundishwa. Na kweli, hakuna mtu aliyeitika. Nikaweka zero.

Nitasema ukweli, maana mstaafu hana cha kupoteza. Siku ya kwanza ilikuwa mzaha. Nilitazama nyuso zile nikingoja mmoja aseme, "Ee, njo weye ule." Mmoja tu. Wengine walikuwa wanachonga kalamu. Siku ya pili nikangoja tena. Siku ya tatu haikuwa mzaha tena, nilitaka tu kuona itachukua muda gani. Ilichukua mwezi mzima. Kila asubuhi nilimwita Numbi, nikampa pumzi zake tatu, na kila asubuhi hakuja. Mwalimu akatia sahihi. Mwisho wa mwezi Mzee Sekretere akanukuu zero zote. Mzee huyo alikuwa ananiona kila siku dirishani kwake, ananiuliza habari za nyumbani, halafu akaandika kwamba sipo.

Karatasi ikaenda Kampuni.

Asistanti wa biro ya jamii alikuja Kikula Jumamosi mchana. Mama mnene wa kitenge kizuri, mwenye faili kwapani. Baba Kalenga alikuwa amekaa kizingitini anapaka buti zake grisi, mama anachagua mchele, mimi navunja vijiti vya kuwashia moto. Asistanti hakukaa.

"Sitwayeni Kalenga, mutoto Numbi eko wapi?"

"Mama? Njo ule, karibu na meko."

"Siko naulizia mama yako. Naulizia mutoto."

"Njo mutoto. Njo Mama."

Asistanti akamtazama kama mtu aliyelewa, akafungua faili. "Ule muko ku karatasi, mwezi muzima hajafika ku masomo hata siku moja. Minye nilisha kuona mengi, papa. Bantu banaandikisha batoto ya uongo, tukifika banaazima ya jirani. Huyu umemwazima kwa nani?"

"Ni yangu."

Akanigeukia. Hakuwa na sauti mbaya, hilo niseme. "Mwanangu, usiogope. Weye unaitwa nani?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalingoja mwezi mzima, na alikuwa ameliuliza mtu asiyenijua. Kilichotakiwa ni neno moja. Nikafungua mdomo. Nikahesabu pumzi ya kiziwi, na ya mwenye usingizi, na ya yule wa mlangoni. Sikusikia kitu kikitoka. Mama aliacha kuchagua mchele lakini hakuinua kichwa.

Asistanti akaandika. Kisha akamwambia Baba Kalenga kwamba Jumatatu atakwenda mwenyewe shuleni na rejista mkononi, naye aje. Mutoto asipopatikana, jina litafutwa, na mfanyakazi aliyedanganya Kampuni ataachishwa kazi. Alipotoka, jirani aliyekuwa amesimama kwenye uzio muda wote akasema, kwa kutusaidia, kwamba wanaodanganya Serikali wanapelekwa Buluo, na kule gerezani buti zinavuliwa.

Baba Kalenga akamaliza buti ya pili. Aliipaka taratibu, mpaka kwenye matobo.

"Mama," akaniuliza, "ku masomo unaendaka?"

"Naendaka. Kila siku."

"Njo vile."

Akafunika kopo la grisi. Halafu akasema, akiitazama buti, "Kama jina inakulemea, tutairudisha. Mama yangu hakukuwa muntu wa kulazimisha bantu."

"Na kazi?"

"Nitarudi Kitwe. Kule nilienda na njaa, nikarudi na ninyi. Haikukuwa safari mubaya."

Hakuniuliza zaidi ya hapo. Ningependa angenigombeza. Nimeshawaambia kwa nini hawezi.

Jumatatu, wasimamizi wote wa kazi yangu walikuwepo: Sista Mkuu, Mwalimu, Mzee Sekretere akitoa jasho kwenye miwani, na Asistanti. Baba Kalenga alisimama mlangoni, zamu yake imempita, kofia mkononi. Nilikwenda mbele kama kawaida. Asistanti akanyoosha mkono.

"Leo nitaita minye."

Nikampa rejista. Uzi wa kalamu ukavutika kati yetu, kisha nikauachia. Nikakaa kwenye dawati. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu na nusu kukaa wakati wa kuitwa, na sikujua mikono niiweke wapi. Aliita haraka, bila pumzi hata moja, kama anayemwaga mahindi. Namba nne aliiruka bila kuitazama. Nilikuwa namtazama yeye, nikaliona jicho lake likiruka mstari mwekundu kama kidimbwi njiani. Kwa hiyo ndivyo inavyoonekana ukiwa umekaa, nikawaza.

"Yumba."

"Prezanti."

"Numbi."

Kalamu ilikuwa tayari inashuka. Baba Kalenga hakunitazama. Alikuwa anatazama kofia yake, akiizungusha kwa ukingo, pole pole. Kama ningenyamaza angekwenda Kitwe bila neno, na angenisalimu kwanza siku ya kuondoka.

"Prezanti," nikasema.

Ilitoka kwa sauti yangu. Siyo ya Sista, wala ya panya. Darasa zima likageuka. Shingo zote zile, mwezi mzima nilizingoja.

"Uko na mashahidi?" Asistanti akauliza.

"Njo yeye," akasema Mujinga. "Anatuitaka kila asubui."

"Na hizi zero?"

"Anajitiaka mwenyewe," sauti nyingine ikasema kutoka nyuma. "Tulizani ni muchezo yake."

Walikuwa wanasikia, kumbe. Siku zote.

Nikasimama, nikasema zero zote ni za mkono wangu. Asistanti akaangalia mlangoni, akaandika kitu kirefu kwenye faili, halafu akamwambia Baba Kalenga awahi nusu ya zamu iliyobaki. Sista Mkuu akakohoa mara mbili. Mengine mnayajua: rejista kwa Mujinga, jembe kwangu, wiki tatu.

Jioni nilimkuta mama anasonga bukari, ugali wa huku. Jirani alikuwa amepita tu, akamwita, "Mama Numbi, habari ya leo?" naye akaitika. Nilitaka kumwomba samahani, nikakosa mahali pa kuanzia. Akasema kwa Kibemba, mgongo ukiwa kwangu, nami naandika kwa Kiswahili: "Kule niliitwa Bana Ruth, mama wa Ruth, miaka kumi na mitatu. Hapa niliamka asubuhi moja, mimi ni mama wa Numbi. Hakuna aliyeniuliza kama niko tayari kumzaa mwingine." Akaendelea kusonga. Nikamshikia sufuria isicheze, kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua, kushika kitu kisiteleze.

Basi Mujinga, ushauri wa mwisho, kisha nirudi kwenye majani yangu. Piga sauti kwenye ukuta wa nyuma, siyo kwenye karatasi. Usimwamini yeyote anayeitika haraka sana kwa ajili ya jirani yake. Na ile kanuni ya tatu ya Dada Monga, mimi mwenyewe niliivunja: Feza aliitwa mpaka mwezi wake ukaisha, lakini namba nne hakuitwa hata siku moja. Nilishika rula, na kesho yake nikaruka.

Kwa hiyo, mpaka mwisho wa mwezi huu tu, ukimaliza namba tatu usikimbilie namba tano. Usiseme kitu. Pumua mara tatu. Watadhani umepotea kwenye ukurasa, waache wadhani. Mimi nitakuwa nimekaa nyuma, karibu na dirisha. Halafu endelea, na ukifika chini kabisa, baada ya Yumba, ita kwa sauti kubwa na ungoje kidogo. Niko.